Wafungashaji Mara wapime boksi kabla ya kulipa

SHEHENA ya unga wa muhogo inaweza kuondoka Butiama ikiwa imepangwa vizuri na kufika Mwanza huku maboksi ya safu ya chini yamebonyea, mengine yamepasuka pembe, na mwenye duka akakataa kuyapokea. Unga wenyewe hauna kasoro. Kilichoshindwa ni kadibodi, na hasara inabaki kwa mfungashaji aliyeagiza maboksi bila kusema yatabeba nini, yatapangwa kwa kimo gani na yatakaa ghalani kwa muda gani.

Suala hili linawagusa watu wengi zaidi mkoani Mara kuliko zamani. Musoma imekuwa na viwanda vya minofu ya sangara tangu miaka ya 1990, na hivyo vilijua tangu mwanzo kwamba mnunuzi wa Ulaya huangalia kifungashio kabla ya samaki. Lakini sasa wapo pia wasindikaji wadogo: wakamuaji wa mafuta ya pamba na alizeti wa Bunda, wafungashaji wa dagaa kandokando ya Ziwa Victoria, na vikundi vya unga, asali na karanga vya Butiama. Tangu mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipopigwa marufuku nchini Juni 1, 2019, mazungumzo kuhusu vifungashio vya karatasi yamekuwa ya kawaida hata katika masoko madogo.

Tatizo ni namna ya kuagiza. Wengi huenda kwa mtengenezaji wakiwa na boksi la sabuni au la biskuti mkononi na kusema, "Nitengenezee kama hili." Mtengenezaji atafanya hivyo, naye hatakuwa amekosea. Boksi la biskuti lilibuniwa kubeba biskuti.

Kilichomo ndani ya kadibodi

Kadibodi ya mawimbi si karatasi moja nene. Boksi la kawaida lina karatasi tatu: bapa ya nje, bapa ya ndani, na ya katikati iliyokunjwa mawimbi kwa joto na mvuke, kisha zikaunganishwa kwa gundi ya wanga. Madukani huitwa boksi la tabaka tatu. Likiongezwa wimbi la pili na karatasi nyingine bapa linakuwa la tabaka tano.

Karatasi ya mawimbi ilianza kama bitana ya kofia ndefu za wanaume nchini Uingereza, ambako ilipewa hataza mwaka 1856. Ni Albert Jones wa New York aliyeitumia kufungia chupa na vioo vya taa mwaka 1871, na miaka mitatu baadaye Oliver Long akaongeza karatasi bapa ili mawimbi yasilale. Kanuni haijabadilika tangu hapo. Mawimbi yaliyosimama wima kati ya karatasi mbili hufanya kazi kama nguzo nyingi ndogo zilizopangwa bega kwa bega.

Kutokana na hilo, mwenye boksi anaweza kufanya kipimo cha kwanza bila chombo chochote. Atazame ukingo wa kadibodi uliokatwa. Boksi likisimama kama litakavyobeba mzigo, mistari ya mawimbi katika kuta zake lazima iende kutoka chini kwenda juu. Wapo wanaolaza mawimbi ili kuokoa mabaki ya karatasi wakati wa kukata. Boksi la namna hiyo litaonekana zuri na litabonyea mapema.

Mawimbi hutofautiana kwa kimo, na majina yake ni herufi. Wimbi C lina unene wa karibu milimita 4 na ndilo la kawaida kwa maboksi ya kusafirishia. Wimbi B, karibu milimita 3, halikandamizwi upesi ubavuni na hupokea chapa vizuri zaidi, kwa hiyo hufaa makopo na chupa. Wimbi E, karibu milimita 1.5, ni la maboksi madogo ya rafuni. Tabaka tano huwa ni B na C pamoja, unene wa karibu milimita 7.

Baada ya wimbi inakuja karatasi yenyewe. Karatasi ya krafti hutokana na nyuzi mpya za mti, hasa misonobari, ambazo ni ndefu na hustahimili unyevu na kuraruliwa. Kiwanda cha Mgololo wilayani Mufindi, kilichofunguliwa mwaka 1985 kikiitwa Southern Paper Mills, kilijengwa huko kwa sababu ya misonobari ya Sao Hill. Karatasi ya aina ya pili hutokana na maboksi ya zamani yaliyosagwa upya. Bei yake ni nafuu, nayo haina ubaya mahali pakavu, lakini kila mara nyuzi zinaposagwa zinafupika. Rangi ya kahawia si ushahidi kwamba karatasi ni krafti, kwa kuwa iliyosagwa upya inaweza kutiwa rangi hiyo hiyo.

Hesabu ya mzigo

Hapa ndipo fedha zinapookolewa au kupotea, na ndipo wafungashaji wengi wanaporuka.

Tuchukue mfungashaji wa Butiama mwenye pakiti za unga wa muhogo za kilo moja. Anataka pakiti 12 kwa boksi, na boksi lina vipimo vya ndani vya milimita 400 kwa 300 kwa 200. Likijaa lina uzito wa kama kilo 12.5. Akiyapanga maboksi manane kwenda juu, la chini kabisa linabeba saba, yaani kilo 87.5.

Boksi linaloweza kubeba kilo 87.5 maabara halitoshi. Kadibodi iliyo katika hewa yenye unyevu wa asilimia 90 hupoteza karibu nusu ya nguvu zake, na hali hiyo si ngeni karibu na ziwa wakati wa masika. Boksi lililobeba mzigo mfululizo kwa mwezi mmoja hupoteza kama asilimia 40 nyingine ya uwezo uliobaki. Ukizidisha hayo mawili, kinachosalia ni kama theluthi moja ya nguvu ya kwanza, na hapo bado hayajahesabiwa matuta ya barabarani wala vijana wa kupakia wanaokanyaga juu ya mzigo. Ndiyo maana wataalamu wa ufungashaji huzidisha mzigo kwa tatu hadi tano. Mfungashaji wetu akichukua nne, anahitaji boksi linalostahimili kilo 350.

Mwaka 1963 McKee na wenzake huko Marekani walitoa kanuni inayounganisha nguvu ya boksi zima na mambo matatu: nguvu ya ukingo wa kadibodi, unene wake, na mzingo wa boksi. Nguvu ya ukingo hupimwa kwa kilonewtoni kwa mita, na watengenezaji wenye maabara huitaja kwa herufi ECT. Kwa boksi la vipimo hivi na wimbi C, kila kilonewtoni moja ya ukingo inatoa takriban newtoni 440 za boksi zima. Kilo 350 ni kama newtoni 3,430. Kwa hiyo kadibodi inayotakiwa ni ya ECT karibu 7.8.

Kiasi hicho ni kikubwa kwa tabaka tatu. Kwa tabaka tano zenye unene wa milimita 7 inatosha ECT karibu 5.9, ambayo hupatikana bila shida, ila karatasi inayotumika ni nyingi zaidi na bei inapanda.

Mfungashaji ana njia nyingine, nayo haina gharama ya kiwandani. Akipanga maboksi matano badala ya manane, la chini linabeba kilo 50. Ukizidisha kwa nne ni kilo 200, na ECT inayohitajika inashuka hadi karibu 4.5, kadibodi ya tabaka tatu ya kawaida kabisa. Swali linabaki kuwa la kibiashara: je, nafasi ya ghala na ya gari anayopoteza kwa kupanga matano ina thamani kubwa kuliko tofauti ya bei kati ya tabaka tatu na tabaka tano? Kwa anayekodi sehemu tu ya Fuso pamoja na wenzake, mara nyingi hana hata uwezo wa kuamua kimo. Mzigo wake utawekwa chini ya wa mwingine. Huyo achukue tabaka tano.

Si kila bidhaa huliachia boksi kazi yote. Chupa za mafuta za lita moja zilizosimama kumi na mbili ndani ya boksi hubeba sehemu ya mzigo zenyewe, mradi ni imara na kimo cha boksi kimepimwa hadi kwenye vizibo. Mkamuaji wa Bunda mwenye chupa nzito anaweza kushuka daraja la kadibodi. Mwenye chupa nyepesi asijaribu, maana zikilegea kidogo kizibo huvuja, na kadibodi iliyolowa mafuta haina thamani tena. Dagaa wakavu ni kinyume kabisa: pakiti zao zina hewa nyingi, hazibebi kitu, na boksi linafanya kazi peke yake.

Vipimo, umbo na makosa yake

Mtengenezaji hutaja vipimo vya ndani, kwa milimita, kwa mpangilio wa urefu, upana na kimo. Urefu ni upande mrefu wa mdomo wa boksi, upana ni ule mfupi. Anayepima boksi kwa nje na kupeleka namba hizo atapata boksi kubwa kuliko alilokusudia, kwa kuwa kadibodi ya wimbi C huongeza kama milimita 8 katika urefu na upana, na kama 16 katika kimo kutokana na vifuniko viwili vinavyolaliana juu na chini. Pakiti zitacheza ndani, na nafasi tupu juu ya bidhaa ndiyo inayoanza kubonyea.

Upande wa pili, anayesafirisha kwa paleti ya milimita 1,200 kwa 1,000 atazame vipimo vya nje. Maboksi kumi ya 400 kwa 300 hujaza tabaka la paleti hiyo barabara, lakini hayo ni ya nje. Yakiwa ya ndani, kila tabaka litachomoza, na boksi ambalo ukuta wake unaning'inia hewani limepoteza nguzo zake.

Umbo lina bei pia. Boksi la kawaida lenye vifuniko vinne juu na vinne chini, ambalo kwenye orodha ya kimataifa ya FEFCO lina namba 0201, hutumia karatasi kidogo zaidi uwiano wa urefu, upana na kimo unapokaribia 2:1:2. Boksi la mfungashaji wetu, sentimita 40 kwa 30 kwa 20, hutumia kama mita ya mraba 0.70 ya kadibodi kabla ya kuhesabu ulimi wa kuunganishia. Lenye ujazo unaokaribiana, sentimita 36 kwa 18 kwa 36, linatumia kama 0.58. Ni tofauti ya asilimia 17 hivi katika kila boksi. Bila shaka pakiti ndizo zenye kauli ya mwisho kuhusu umbo, lakini pakiti kumi na mbili zinaweza kupangwa kwa namna kadhaa, na ni vema kuzijaribu zote mezani kabla ya kupeleka oda.

Matundu ya kushikia na ya kupitisha hewa yakae mbali na pembe. Pembe nne na sehemu zilizo karibu nazo hubeba kama theluthi mbili za mzigo wote. Kwa sababu hiyo hiyo, maboksi yaliyopangwa pembe juu ya pembe huwa na nguvu kuliko yaliyopishana kama matofali, ambayo yanaweza kupoteza karibu nusu. Wapakiaji hupenda kupishanisha kwa kuwa mzigo hauporomoki njiani, nao wana hoja. Suluhisho la kati ni kupanga safu za chini wima na kupishanisha ile ya juu tu, kisha kufunga kamba.

Minofu na maji

Kwa samaki, adui ni maji. Minofu mibichi inayosafirishwa kwa ndege hukaa katika joto linalokaribia la barafu inayoyeyuka, kwa hiyo hutangulia kuwekwa ndani ya boksi la povu, na kadibodi inapotumika huwa ni koti la nje. Minofu iliyogandishwa huweza kuwekwa moja kwa moja katika katoni zilizopakwa nta au plastiki nyembamba, zikakusanywa ndani ya boksi kubwa. Hatari yake hutokea mlango wa chumba cha baridi unapofunguliwa, unyevu wa hewa ya joto unapoganda juu ya boksi na kuwa matone.

Kipimo cha jambo hili huitwa Cobb: ni gramu za maji zinazonyonywa na mita ya mraba ya karatasi kwa muda uliowekwa, kwa kawaida sekunde 60 au 120. Namba ndogo ni nzuri. Atakayelinganisha wauzaji wawili ahakikishe wote wanataja muda ule ule. Aidha, aulize kama gundi ni ya wanga mtupu au imeongezewa kinga ya maji, kwa sababu karatasi bora iliyoshikwa na gundi inayoyeyuka itaachana tu.

Viwanda vya kanda ya ziwa havina haja ya kuambiwa uzito wa masharti ya nje. Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wabichi wa Tanzania, Kenya na Uganda kuanzia mwishoni mwa mwaka 1997 hadi katikati ya 1998 kwa hofu ya kipindupindu, na mwaka 1999 samaki wa Ziwa Victoria wakazuiwa tena kwa hofu ya sumu ya kuvulia. Tangu hapo maandishi ya boksi, yakiwamo jina la nchi, namba ya kibali ya kiwanda na uzito halisi, yamekuwa sehemu ya hati za mzigo kama ankara yenyewe.

Oda, chapa na bei

Gharama kubwa ya boksi ni karatasi, na karatasi huuzwa kwa uzito. Baada ya hapo kuna kisu cha kukatia kama umbo si la kawaida, na pleti ya chapa kwa kila rangi. Visu na pleti hulipwa mara moja, kwa hiyo huuma kwenye oda ndogo na hazionekani kwenye oda kubwa. Mfungashaji aulize mapema ni mali ya nani baada ya oda, na kama bei aliyotajiwa ina VAT na usafiri hadi Mara au inaishia mlangoni mwa kiwanda.

Tahadhari moja haizungumzwi vya kutosha. Boksi lenye jina lako haliuziki kwa mwingine. Maelfu ya maboksi yaliyochapwa anwani ya zamani au uzito uliobadilishwa ni mtaji uliokufa, na hao waliokufa nao ni wengi. Yale yasiyobadilika, kama jina la bidhaa na alama ya kuonyesha upande wa juu, yachapwe. Tarehe ya kumaliza muda, namba ya toleo na uzito yapigwe muhuri au yawekwe kwa lebo. Rangi moja ya kusomeka inatosha kwa boksi la ghalani. Chapa inayofunika ukuta mzima hukandamiza mawimbi inapopita mashineni na kupunguza nguvu iliyolipiwa.

Kwa wakamuaji wadogo wa Bunda ambao hakuna anayefikia kiwango cha chini cha oda peke yake, lipo jambo la kufikiria: boksi moja tupu la chupa kumi na mbili, la vipimo vilivyokubaliwa na wote, likaagizwa kwa pamoja, kisha kila mmoja akabandika lebo yake. Ugumu hauko kiwandani. Uko katika kukubaliana aina ya chupa.

Oda iandikwe: vipimo vya ndani, idadi ya tabaka, aina ya wimbi, uzito wa kila karatasi kwa mita ya mraba, ECT au nguvu ya boksi zima, Cobb kama kuna unyevu, na ni maboksi mangapi yataruhusiwa kuzidi au kupungua. Kabla ya kuchapa, sampuli tupu iombwe, ijazwe bidhaa halisi na kuachwa chini ya mzigo wa kilo zilizopigiwa hesabu kwa siku kadhaa.

Mzigo unapofika, mizani ya dukani inatosha kugundua udanganyifu. Kadibodi ya wimbi C yenye karatasi za gramu 150, 125 na 150 haiwi na gramu 425 kwa mita ya mraba, kwa sababu ile ya katikati imekunjwa na hutumika kama mara 1.45. Pamoja na gundi inafika karibu gramu 490. Boksi la mfungashaji wetu, likiwa na ulimi wake, lina eneo la kama mita ya mraba 0.72, kwa hiyo likiwa tupu lisome karibu gramu 350. Apime kumi pamoja ili mizani isimdanganye, yaani kilo tatu na nusu. Zikisoma kilo tatu, maboksi yasishushwe kwanza. Na yakishushwa, yawekwe juu ya mbao, mbali na ukuta, yakiwa yamelazwa na kufungwa kama yalivyotoka kiwandani, kwani sakafu ya saruji hupandisha unyevu hata mwezi ambao mvua haijanyesha Musoma.